MISTARI IKISIMAMA, UZI UMEPATANA

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri wa jarida alinitaka niandike juu ya kuku wa shule, lakini nimemwomba radhi. Nina deni la tangu 2024 ambalo sharti nililipe kwanza. Ni deni la nyatiti.

Wale waliokuwepo muhula wa pili wa mwaka huo wanakumbuka jinsi kikundi chetu cha muziki kilivyoaibika mbele ya shule nzima na wazazi. Wengine hadi leo wakiniona hunipigia kelele, "Fundi! Fundi!" Jina hilo si la sifa. Basi leo nitaeleza kilichotokea, na katika kueleza nitawaonyesha jinsi kinavyofanya kazi kile chombo kinachoitwa tyuna ya strobo, maana ndicho nilichotumia. Chombo chenyewe hakikuwa na kosa lolote.

Mwalimu wetu wa muziki wakati huo alikuwa mtu wa Siaya. Alipopewa uhamisho kuja huku (watu wetu husema alitoka "Kenya", kana kwamba sisi tuko Uchina) alifika na sanduku mbili na nyatiti moja iliyoviringishwa kwa blanketi. Kwa asiyeijua, nyatiti ni ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Mwili wake ni mti uliochongwa kama bakuli na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Juu yake kuna mikono miwili na kijiti kilichokingama, ambako nyuzi hufungwa kwa kuviringishwa. Ukikizungusha kifundo, uzi unakaza au unalegea. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa ala. Mkononi nyuzi, mguuni chuma, mdomoni wimbo: mtu mmoja, bendi nzima! Hapo kale nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe, ila siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Ya mwalimu wetu alikuwa ameinunua Kalokol, kwa wavuvi wa Ziwa Turkana.

Tulikuwa tukijiandaa kwa Tamasha la Muziki. Nyatiti ndiyo iliyoongoza wimbo, na nyuma yake sisi tukaitikia na kukanyaga kwa mtindo wa edonga. Waama, jambo hilo lilikuwa jipya kwetu. Muziki wa Kiturkana aghalabu ni sauti, makofi na miguu. Hauna nyuzi za kukazwa. Katikati ya maandalizi mwalimu akaitwa Lodwar kwa mkutano wa siku tatu. Akaniachia mimi ufunguo wa stoo.

Jioni ya kwanza tulijaribu kuimba pamoja na kinanda cha stima tulichokuwa nacho. Lo! Nyatiti na kinanda havikusikizana hata kidogo. Kila noti ilikuwa kama abiria wawili wanaogombea kiti kimoja cha matatu. Nikatoa hukumu papo hapo: nyatiti haiko tyuni. Mwalimu wa fizikia kwa wema wake akatuazima simu yake, iliyokuwa na programu ya strobo. Kwa muda wa saa mbili nikakaza na kulegeza nyuzi zote 8 hadi kila mmoja ukakubaliana na kinanda. Nilirudi bwenini nimetuna kama chura.

Hebu tuiache nyatiti hapo kwanza, nieleze nilikuwa nikitazama nini kwenye simu hiyo.

Tuanze na masikio, kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia. Ukipiga nyuzi mbili zilizokaribiana bila kulingana, sauti yao haitulii. Hupanda na kushuka: wau, wau, wau. Idadi ya hizo wau kwa sekunde ndiyo tofauti ya mitetemo baina ya nyuzi hizo. Uzi mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na mwingine mara 443, utasikia wau 3 kila sekunde. Ukiulegeza polepole ule uliozidi, wau zinachelewa, zinarefuka, mwishowe zinakufa. Hapo nyuzi zimepatana. Waliofanya lile jaribio la uma za sauti katika maabara, mmoja ukiwa umebandikwa plastisini mguuni, wanalijua jambo hili. Wapigaji wa kanuni katika taarab ya Zanzibar wanalijua zaidi, maana katika ala yao kila noti ina nyuzi 3 ambazo sharti zilie kama uzi mmoja. Na wazee wa mji huu wanalijua bila maabara wala taarab. Kuanzia 1989 Lokichoggio ilikuwa kituo cha ndege za misaada za Operation Lifeline Sudan, na kwa miaka mingi watu walilala na kuamka kwa ngurumo za Hercules. Apa mmoja anayelinda lango letu bado anaweza kuziigiza: wuuu-wuuu-wuuu. Hizo ni rafadha za injini mbalimbali zisizozunguka kwa kasi moja. Zikisawazishwa, ule mgurumo unanyooka. Nilipomweleza Apa kwamba wapiga gitaa hutumia njia hiyo hiyo, alicheka akasema basi hata yeye ni mwanamuziki.

Tyuna ya strobo huichukua kazi hiyo kutoka sikioni na kuipeleka machoni. Bila shaka umewahi kuona kwenye video gurudumu la gari likionekana kurudi nyuma ilhali gari linakwenda mbele. Kamera haitazami mfululizo. Hupiga picha, hupumzika, hupiga tena. Iwapo baina ya picha mbili kila kijiti cha gurudumu kimefika pale pale alipokuwa mwenzake, jicho linadanganyika kuwa gurudumu limesimama. Kikichelewa kidogo tu kufika, gurudumu linaonekana kurudi nyuma. Kikiwahi, linaonekana kwenda mbele kwa mwendo wa kinyonga.

Sasa badala ya gurudumu weka sahani yenye mistari myeusi na myeupe. Izungushe kwa mota yenye kasi isiyobadilika ili mistari 440 ipite mbele yako kila sekunde. Nyuma yake weka taa inayowaka na kuzima kwa kufuata sauti inayoingia kwenye maikrofoni. Piga uzi wako. Ukitetema mara 440, taa inamulika mara 440, na kila ikimulika inakuta mstari mahali pale pale. Mistari inasimama kimya. Ukitetema mara 441, mistari inaanza kutembea, mstari mmoja kila sekunde. Kwa desturi ya tyuna hizi, ikitembea kwenda kulia uzi uko juu, ikienda kushoto uko chini. Unachokiona ni zile zile wau, ila zimegeuka kuwa mwendo. Na jicho lina subira kuliko sikio. Mstari unaochukua sekunde 10 kuhama nafasi moja sikio halitauhisi, lakini jicho linauona waziwazi. Ndiyo maana mafundi huipenda strobo kuliko zile tyuna za mshale, ambazo mshale wake hurukaruka kama panzi.

Chombo cha kwanza cha aina hii kupata umaarufu kiliitwa Stroboconn, kikatengenezwa na kampuni ya C. G. Conn ya Marekani kuanzia 1936. Kilikuwa na sahani 12, moja kwa kila noti ya kinanda, na kila sahani ilikuwa na pete kadhaa za mistari, kila pete ikiwa na mistari mara mbili ya ile ya ndani yake. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu noti ikipanda oktava moja, mitetemo yake huwa mara mbili kamili. Baadaye, katika miaka ya 1960, kampuni ya Peterson, pia ya Marekani, ikaleta zake. Leo simu huchora mistari yenyewe bila sahani wala mota, lakini maana yake ni ile ile.

Swali ambalo mwerevu ataliuliza ni hili: je, ni nani anayehakikisha kwamba sahani yenyewe inazunguka sawasawa? Hapo ndipo penye siri yote ya chombo hiki, nasi tuliigundua kwa bahati. Tulichukua kimota kutoka kaseti iliyoharibika, tukakifunga betri na kile chombo cha maabara cha kupunguza umeme, na juu yake tukabandika sahani ya karatasi ngumu yenye mistari 10. Tukakiweka chini ya taa ndefu ya darasani. Taa za namna ile za zamani, stima ikiwa ya mizunguko 50 kwa sekunde, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde, ingawa macho yetu hayatambui. Kwa hivyo sahani ikizunguka mara 10 kwa sekunde inapitisha mistari 100, nayo yote inaonekana imeganda. Na kweli iliganda! Darasa likashangilia. Mara mistari ikaanza kujikokota kwenda mbele. Tukailaumu betri, tukailaumu gundi, tukamlaumu aliyechora. Kumbe mpishi alikuwa amewasha pampu ya maji. Jenereta ya shule ilipolemewa ikapunguza mwendo, taa nayo ikapunguza kumulika. Pampu ilipozimwa, mistari ikarudi kusimama. Ama kwa hakika siku hiyo tulikuwa tumetengeneza kipimo cha jenereta!

Kwa hivyo strobo ni ya kweli kadiri kile kinachoiongoza kilivyo cha kweli. Stroboconn iliongozwa na uma wa chuma uliotetemeshwa kwa umeme. Simu huongozwa na kipande kidogo cha kwazi kama kile cha saa ya mkono, ambacho makosa yake ni madogo mno kwa kazi yetu. Ukitegemea stima ya jenereta utapotea.

Joto nalo lina mkono wake katika mambo haya, na sisi wa Turkana tunalo la kutosha kuuza nje. Uma wa chuma uliotengenezwa kulia mara 440 katika nyuzijoto 20, ukiupeleka kwenye nyuzijoto 38 unapoteza karibu mtetemo mmoja kwa sekunde. Nyuzi za chuma za gitaa hurefuka kidogo na kulegea, sauti ikashuka. Filimbi na rikoda hufanya kinyume. Sauti husafiri katika hewa mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, na karibu mita 354 kwenye nyuzijoto 38, kwa hivyo ala ya kupulizwa hupanda, japo si kwa kiasi chote hicho kwa kuwa pumzi ya mpulizaji ina joto lake tayari. Ndiyo maana saa nane mchana gitaa na rikoda havipikiki chungu kimoja, hata kama asubuhi walikuwa marafiki. Ngozi nayo hukaza kukiwa kukavu na kulegea mvua ikinyesha. Wapiga ngoma wa kila mahali wanajua kuikanza ngoma motoni kabla ya kuipiga. Kwa hivyo usitengeneze ala asubuhi ukadhani umemaliza. Itengeneze mahali utakapoipigia, saa utakayoipiga.

Nimetaja mitetemo, lakini mafundi huhesabu kwa senti. Usicheke, ni senti kweli. Kama vile shilingi ina senti 100, hatua moja ya kinanda kutoka kitufe hadi kitufe jirani ina senti 100, na kwa kuwa oktava ina hatua 12, jumla ni senti 1200. Karibu na 440, mtetemo mmoja ni kama senti 4. Sikio la mtu wa kawaida huanza kutambua tofauti ya kama senti 5, ilhali strobo huonyesha hata chini ya senti 1. Hesabu hii iliwekwa na Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885. Mkumbuke bwana huyu, nitamrudia.

Na hiyo 440 yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Wafaransa mwaka 1859 walikuwa wameweka 435 kwa sheria. Mkutano uliofanyika London mwaka 1939 ndio uliokubaliana 440, na mwaka 1955 shirika la viwango la kimataifa likaipitisha. Ni makubaliano tu, kama kuendesha gari upande wa kushoto. Sudan Kusini, hapo ng'ambo ya Nadapal, huendesha upande wa kulia, na hakuna anayesema barabara zao zimekosea.

Sasa turudi kwa nyatiti na aibu yangu.

Mwalimu alirejea kutoka Lodwar asubuhi ile ile ya siku ya wazazi, vumbi la barabara likiwa bado kwenye nyusi. Hakupata nafasi ya kuingia stoo. Tulimkabidhi nyatiti jukwaani. Akaketi, akavaa pete ya mguu, akapitisha vidole juu ya nyuzi zote mara moja. Uso wake ukabadilika. Akainama akaninong'oneza, "Ni nani amemvalisha huyu mzee tai?"

"Ni mimi, mwalimu. Nimeityuni na kinanda."

Hakusema neno. Akaanza kupiga. Ubeti wa kwanza akaupitisha kwa ujuzi, lakini sauti yake ilikuwa ikitafuta mahali pa kukaa na haipati, kama mtu aliyerudi nyumbani usiku akakuta viti vimehamishwa. Kwenye ubeti wa pili akasimama. Sisi waitikiaji tukaingia mapema, wengine tukachelewa, miguu ikapishana, na wa nyuma akaanguka. Mengine mnayajua.

Jioni nilikwenda kumwomba msamaha. Nilitarajia adhabu. Yeye akanikalisha chini ya mti, akaanza kulegeza vifundo kimoja kimoja na kuviimbia kwa sauti ndogo. Hakutazama simu. Aliimba mwanzo wa wimbo, akakaza. Akaimba tena, akalegeza. Baada ya dakika kama 20 nyatiti ikawa ile ile tuliyoizoea. Ndipo akaniuliza, "Uliiuliza hiyo mashine nini?" Nikamjibu kwamba niliiuliza kama nyuzi ziko sawa. Akasema, "Hapana. Uliiuliza kama nyatiti ni kinanda. Ikakujibu ukweli: si kinanda."

Jambo hilo lilinikaa moyoni, nikaanza kusoma kila nilichopata katika maktaba na kwenye simu ya yule mwalimu wa fizikia. Nikakutana na habari za majirani zetu wa Uganda. Waganda wana marimba makubwa yanayoitwa amadinda, yenye mbao 12 zinazolazwa juu ya migomba, na wapigaji watatu. Fundi wake huzilinganisha kwa kuchonga. Akichonga chini katikati ubao unashuka, akichonga kwenye ncha unapanda. Wana pia kinubi cha nyuzi 8, ennanga. Mtaalamu mmoja aliyeitwa Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alichapisha mwaka 1950 katika jarida la sayansi la Nature vipimo vya kinubi kimoja cha Kiganda. Ilionekana kwamba oktava yake imegawanywa hatua 5 zinazokaribia kulingana. Gawa 1200 kwa 5 upate senti 240 kila hatua.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Noti za amadinda iliyo sawa kabisa zingekuwa kwenye 0, 240, 480, 720 na 960. Kinanda hakina noti hizo. Kina 200, 500, 700 na 1000. Basi ukiwasha tyuna iliyopangwa kwa kinanda, itakuambia noti ya pili imezidi kwa senti 40, ya tatu imepungua kwa 20, ya nne imezidi kwa 20, ya tano imepungua kwa 40. Katika noti 5, mashine inazikataa 4! Je, mafundi wa Kabaka walikuwa viziwi? La hasha. Ni wanamuziki waliosikika mbali. Evaristo Muyinda, mmoja wa wapigaji wa jumba la Kabaka, ndiye aliyemfundisha Gerhard Kubik kutoka Austria karibu na mwaka 1960, na Kubik akaja kuwa bingwa wa kuandika juu ya muziki wa Afrika. Wala mafundi hao hawakugawa 1200 kwa 5. Walisikiliza tu, na masikio yao yakawafikisha karibu na hapo, kila fundi kwa tofauti zake ndogo.

Mwaka 1966 jumba la Kabaka kule Mengo lilishambuliwa na majeshi ya serikali. Wanamuziki wa jumba wakatawanyika, na ufalme haukurudishwa hadi 1993. Fikiria ndugu msomaji: ulinganifu wa sauti za ala zile ulikuwa umehifadhiwa wapi? Katika masikio ya watu wachache. Mpigaji akitoroka au akifa bila mwanafunzi, na mbao zikichomwa, ni nani atajua noti ya pili ilikaa wapi? Mtu akizitengeneza upya kwa kufuata kinanda, atapata ala yenye sura ile ile lakini yenye sauti ya mgeni. Hapo ndipo nilipoona kazi halisi ya strobo.

Na yule Ellis niliyemtaja, aliyezivumbua hizo senti? Alizitumia, akisaidiwa na masikio ya rafiki yake Alfred Hipkins, kupima ala za mataifa mengi, na akafikia uamuzi kwamba ngazi ya muziki si moja duniani wala haikuwekwa na maumbile. Ziko nyingi na ni za namna nyingi. Hata kinanda chenyewe ni mapatano. Noti ya tatu iliyo tamu kabisa kwa sikio iko kwenye senti 386, ilhali kinanda huiweka kwenye 400 ili nyimbo zote zipigike kwa vitufe vile vile. Aliyeleta rula ndiye aliyetuambia kwamba vitambaa si vya urefu mmoja, nasi tukaishika rula tukasahau maneno yake.

Niliporudi kwa mwalimu nikamweleza wazo langu. Tusiitumie strobo kumsahihisha. Tuitumie kumwandika. Alifikiri kidogo akasema, "Haya, niandike."

Tulifanya kwa jioni tatu mfululizo, saa ile ile, chini ya mti ule ule. Kila jioni alilegeza nyuzi zote, akazitengeneza upya kwa kuimba, bila kutazama simu. Kisha mimi nikapima. Namna ya kupima noti isiyo ya kinanda ni hii. Mistari itatembea, na wewe usiuguse uzi. Unabadilisha namba kwenye tyuna, senti moja juu au chini, hadi mistari isimame. Namba iliyoandikwa hapo ndiyo umbali wa uzi huo kutoka noti ya kinanda iliyo karibu. Kuna mitego lakini. Uzi ukipigwa kwa nguvu hulia juu kwanza kisha hushuka, kwa hivyo utaona mistari ikikimbia kulia halafu ikipoa. Upige polepole, subiri kidogo, ndipo usome. Shika nyuzi nyingine zisilie, maana zikiitikia zinaichanganya mistari. Ukipandisha uzi, uanzie chini upande, usianze juu ukashusha, kwa sababu kifundo kilicholegezwa huendelea kuteleza chenyewe. Nailoni mpya huvutika kwa siku kadhaa, usiiamini hata ikikuapia. Na uiweke simu isiingie simu nyingine. Jioni ya pili mke wa mwalimu wa fizikia alipiga tukapoteza vipimo vitatu.

Tulipolinganisha jioni zile tatu, kwanza nilivunjika moyo. Uzi wa kwanza haukuwa mahali pamoja hata mara moja. Jioni moja ulikuwa juu, nyingine chini, kulingana na sauti ya mwalimu ilivyoamka siku hiyo na pengine na joto. Nikadhani anabahatisha. Lakini nilipotoa hesabu za kila uzi kutoka uzi wa kwanza wa jioni hiyo, tofauti baina ya jioni na jioni zilikuwa senti chache tu. Ala nzima ilihama, lakini nafasi baina ya nyuzi hazikuhama. Ni kama familia inayohamia manyatta nyingine: boma ni jipya, lakini kila kibanda kimejengwa upande wake ule ule. Uzi mmoja, wa tano, ulikuwa karibu katikati kabisa ya vitufe viwili vya kinanda. Huo ndio niliokuwa nimeunyonga zaidi.

Tukaziandika namba zote katika daftari la mazoezi la kurasa 96, kwa wino mweusi, pamoja na unene wa kila uzi na tarehe. Kwenye Tamasha tulifika daraja la kaunti, tukaishia hapo. Mwezi wa Desemba 2024 mwalimu akapata uhamisho kurudi kwao. Nyatiti akaiacha shuleni. Alisema mzee huyu amezoea jua, akirudishwa kwenye mvua atapata kikohozi.

Muhula uliofuata, uzi wa tano ukakatika. Tulimwagiza mwenzetu wa Kalokol atuletee nailoni ya unene ule ule. Tukaufunga, tukauacha uvutike wiki moja, kisha nikafungua daftari. Nikapima uzi wa kwanza, nikajumlisha, nikaweka namba kwenye tyuna, nikakaza kifundo kidogo kidogo. Mistari ilikimbia kushoto, ikatembea, ikajikokota, ikasimama.

Hata hivyo sikuwa na amani. Nikamwomba mwalimu wa fizikia tumpigie yule mwalimu wetu simu. Tukaweka simu juu ya kigoda, mwenzangu akapiga nyuzi zote 8 moja baada ya nyingine, kisha mwanzo wa wimbo. Kule upande wa pili palikuwa kimya hata nikadhani laini imekatika.

"Wa tano uko sawa," akasema. "Lakini wa pili umelegea."

Nikafungua daftari, nikaupima uzi wa pili ambao hakuna aliyeugusa tangu aondoke. Mistari ilikuwa ikitembea taratibu kwenda kushoto.

"Umeukaza?" akauliza.

"Bado, mwalimu. Ndiyo naushika."